Kinyumenyume na Toleo la Wote

Siku zile za mwanzo wa vuli, ukungu wa mji wa Brno ulipokuwa ukishuka hadi kwenye nyaya za tramu, Jolana Hřebačková aliota ndoto za aina moja tu: mambo yakirudi yalikotoka. Moshi ukiingia kwenye bomba. Tufaha likiinuka majanini na kushika tawi lake. Supu ikitoka bakulini kurudi sufuriani, karoti zikiungana, zikijivika maganda yake, zikizama udongoni. Ndoto hizo hazikumtisha hata kidogo. Zilikuwa kazi yake ya miaka sita, na nawaambieni, mtu akishika kazi moja miaka sita, kazi hiyo itamfuata mpaka kitandani, atake asitake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni aliyoifanyia ilitengeneza programu ya kuandikia programu nyingine. Karakana, tuseme, kama seremala alivyo na meza yake, randa zake na misumeno yake mahali pamoja. Karakana hiyo ilitoka kwa sura mbili. Kulikuwa na Toleo la Kazi, la kulipiwa kila mwaka, ambalo makampuni yaliwanunulia watu wao. Na kulikuwa na Toleo la Wote, la bure kabisa, ambalo yeyote mwenye kompyuta angelipakua alipo. Hata msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo programu imefumwa kwayo, ulikuwa wazi: mtu ausome, aubadilishe, amgawie jirani. La bure lilikuwa zuri. Wala si porojo, lilikuwa zuri kweli. Ila halikuwa na vyote.

Jolana aliujua upungufu huo kutoka upande wa nje. Miaka kumi na minane nyuma alikuwa akigandisha soli kwenye kiwanda cha viatu kule Zlín, kimoja kati ya vichache vilivyobaki, mikono ikinuka gundi hata siku ya harusi za watu. Kila Jumamosi alikwenda maktaba ya mji, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, akajifundisha kuandika programu kwa Toleo la Wote. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na kitabu kimoja kilichovunjika mgongo, na ubishi. Ndani ya karakana ile ya bure kulikuwa na vitufe vya kijivu, kila kimoja na kikufuli chake kidogo, vinaonekana, havibonyezeki. Jolana alivibonyeza hivyo hivyo kila Jumamosi, maana huwezi kujua.

Programu yake ya kwanza ilipaswa kulinganisha soli za kushoto na za kulia. Ikagoma. Kila baada ya jozi mia na kitu ilimpa mteja miguu miwili ya kushoto. Alihangaika nayo miezi mitatu, akalia kwenye choo cha maktaba, na mwisho akachapisha msimbo wote kwenye karatasi, akautandaza sakafuni katikati ya rafu za ramani, akapiga magoti, akaanza kuusoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, mstari kwa mstari. Mkutubi alimruka kama dimbwi la maji. Jioni Jolana akapakuta pale kosa lilipozaliwa, mbali kabisa na pale lilipokuwa likionekana. Wahenga wanasema usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Yeye aliyaona hayo kwa magoti yake mwenyewe, na akiwa bado sakafuni alijiapia kwamba siku moja atatengeneza chombo cha kumrudisha mtu nyuma namna hiyo, na kwamba chombo hicho hakitatiwa kufuli.

Chombo kikawa. Akakiita Kinyumenyume. Programu ya mtu ikianguka, Kinyumenyume kilimshika mkono, kikamtembeza nyuma hatua baada ya hatua, akaona kila namba ikirudia thamani yake ya awali, mpaka akafika pale mambo yalipoanza kuharibika. Ukikitazama kikifanya kazi unasahau kidogo uko wapi. Unaona kilichokwisha kutendeka kikitenduka, bila kelele, bila haraka, na moyo unatulia. Wenzake walipokiona mara ya kwanza waliacha kahawa zao zikapoa.

Halafu, mwanzoni mwa Septemba, ukaja mkutano wa uzio. Kila mwaka walikaa wakagawa vitu vipya: hiki cha wote, hiki cha kulipiwa. Mwenye kampuni, Zbyšek Tvrdoň, mtu mnene wa miaka hamsini na miwili aliyevaa sweta moja lililoliwa na nondo kwenye kiwiko, ndiye aliyemwajiri Jolana alipokuwa hana cheti chochote zaidi ya cha kugandisha soli. Alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Kwa hiyo hakumzungusha.

"Kinyumenyume kinakwenda Toleo la Kazi, Jolanka."

"Tulikubaliana vipi?"

"Ulikubaliana na nafsi yako. Mimi nilikuwa nakunywa chai."

"Zbyšek, mwenye pesa akikwama anamwita mwenzake wa meza ya pili. Yule aliye peke yake maktaba anamwita nani?"

"Na hawa arobaini na wawili wa humu ndani watakula nini? La bure linalishwa na la kulipiwa, unajua kuliko mimi. Mkono mtupu haulambwi. Mwaka wa pili huu hatujatoa kitu cha kumfanya mtu aone haja ya kulipa. Hiki ndicho. Kiache kitulishe miaka mitatu, minne, halafu tutakivusha."

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu ramani ya msimbo. Iko mwaka wa tano nyuma ya kufuli."

Zbyšek akaangalia dirishani. Uamuzi ukabaki ule ule: Oktoba, Toleo la Kazi. Jolana alitoka pale akiwa na hasira, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Zbyšek hakuwa mwongo. Arobaini na wawili walikuwa na watoto na kodi za nyumba. Na huko nje, mahali asipopajua, kulikuwa na mtu amepiga magoti juu ya karatasi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye jambo. Msimbo wa Toleo la Wote ulikaa kwenye ghala la wazi, dunia nzima iuone. Ofisini watu waliandika kwenye folda mbili zilizokaa jirani, moja ya wazi, moja ya kufuli. Na kila Jumapili saa kumi na mbili jioni programu ndogo waliyoiita Tarishi iliamka, ikabeba kila kipya ilichokikuta kwenye folda ya wazi, ikakitoa nje. Asubuhi ya siku hiyo Tarishi alimtumia kila mwenye kazi orodha ya mambo yake mwenyewe: haya ndiyo nitakayobeba leo, mwenye pingamizi ajibu neno moja, *zuia*. Kikishatoka, kimetoka. Leseni ya wazi, aliyoichagua Zbyšek mwenyewe enzi za ujana wake na nywele zake, inampa yeyote anayekiokota haki ya kukitumia, kukigeuza na kukigawa milele, na hakuna mahakama ya kumnyang'anya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa ya tarehe kumi na tano jaribio moja la Kinyumenyume lilikataa kabisa kwenda, kwa sababu chombo kilikuwa folda ya kufuli na jaribio lilikuwa folda ya wazi. Jolana akafanya lile jambo ambalo kila mtu pale amewahi kulifanya na kila mtu huapa hajawahi: akahamishia Kinyumenyume kwenye folda ya wazi kwa dakika kumi tu, ajaribu, akirudishe. Jaribio likapita. Lakini kwao kila siku ya kalenda hupewa jina la mtu, na siku hiyo ilisema Jolana: ilikuwa siku ya jina lake, na mwenye jina ndiye mlishaji. Wenzake walikuwa wamesimama jikoni wakizitazama sinia mbili za mikate yake ya yai, nyama ya kukaushwa kwa moshi na tango la siki, wakimwita kwa sauti za watu wenye njaa.

"Jolana, njoo utakiwe heri, tunakufa huku."

"Dakika moja."

"Dakika moja yako ni saa nzima. Zbyšek amekwisha kula miwili bila ruhusa."

Akahifadhi, akatuma, akafunga kompyuta, akaenda. Wakamwimbia vibaya, Zbyšek akampa ua na busu la shavuni lenye harufu ya tango, na saa nane mchana, akiwa na furaha ya mtu aliyepongezwa, Jolana akapanda gari moshi kwenda kwa shangazi yake kwenye vilima vya Vysočina. Folda alikuwa ameisahau. Nasema ameisahau kweli, na huo ndio ukweli wa Ijumaa. Wa Jumapili ni mwingine.

Shangazi Drahuše alikuwa mjane wa miaka sabini na sita aliyelinda kivuko cha reli maisha yake yote, na sasa alilinda uyoga. Kibanda chake kilinuka uyoga tangu mlangoni: uliokatwa na kutandazwa kwenye magazeti, uliotungwa kwenye uzi juu ya jiko, uliotiwa siki kwenye machupa. Jumapili asubuhi walitoka na vikapu kabla ukungu haujainuka. Msitu wa misonobari ulikuwa mweupe na kimya, umbali wa hatua ishirini hakuna kitu, na vitu vikitokea vilitokea polepole, kwanza kivuli, halafu mti. Jolana alitembea kama aliyelala. Alipoinama kukata uyoga aliona, kwa macho ya kazi yake, kisu kikirudi nyuma na shina likiungana, na uyoga ukisinyaa kuwa kidonge, na kidonge kuwa si kitu chini ya majani.

"Unaota tena," shangazi alisema kutoka ndani ya ukungu. "Huo ulioukata ni wa kuua mtu. Utupe."

Jolana akautupa.

"Msitu huu ni wa nani, shangazi?"

"Wa yule wa Jihlava, mwenye kiwanda cha mbao. Msitu ni wake. Uyoga ni wa mguu uliotangulia, hata yeye analijua hilo."

"Na ile sehemu yako unayoificha?"

"Sehemu yangu nitazikwa nayo."

"Hata mimi hutaniambia?"

"Wewe nakupenda. Lakini utamwambia mmoja tu, na huyo mmoja ana shemeji."

Karibu na saa sita mchana Jolana alipanda kilima cha nyuma ya kibanda, kwenye jiwe moja ambalo simu hushika mtandao, atazame salamu zilizochelewa za siku ya jina. Zilikuwepo. Chini yake kulikuwa na orodha ya Tarishi. Akaipitisha macho kwa mazoea tu, marekebisho mawili ya rangi, tafsiri ya Kireno, na katikati yake, kwa herufi ndogo zile zile, *kinyumenyume*, mafaili mia tatu na kumi na mawili. Akaandika papo hapo, bila kufikiri, z, u, i, a. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza mara moja.

Kidole hakikushuka.

Kwanza alijiambia anapumzisha mkono. Kisha alijiambia saa kumi na mbili iko mbali, ana nusu siku nzima. Akaiweka simu juu ya jiwe, na neno lake juu yake, akakaa. Ukungu ulikuwa ukiinuka kutoka bondeni, ukapita juu ya miguu yake, ukamfunika mpaka kifuani. Ndani ya weupe ule aliona maktaba ya Zlín. Aliona sakafu na karatasi, na aliyekuwa juu ya karatasi hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke mwingine, halafu mzee, halafu watu wengi wamepiga magoti kila mmoja katika chumba chake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Akaona pia meza arobaini na mbili za ofisini. Akamwona Zbyšek na sweta lake. Jolana alilia kidogo pale juu, sitawaficha, alilia kwa sababu aliwapenda wote na hakuna njia ya kuwapa wote.

Shangazi alikuja na chupa ya chai na keki ya kienyeji, ile ya hamira yenye jamu ya plamu juu yake, akakaa upande wa pili wa jiwe bila kuuliza lolote. Alikuwa amekaa miaka arobaini kwenye kivuko, anajua kungoja.

"Shangazi," Jolana alisema baadaye, "kama ungejua kwamba ukinyamaza tu, kijiji kizima kitapajua mahali pako pa uyoga. Hutasema neno. Utanyamaza tu."

"Basi nitakuwa nimesema."

"Hata bila neno?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa nafunga kizuizi cha reli. Nisingekifunga, nisingekuwa nimesema neno." Akamega keki. "Kula. Ukiwa na njaa unawaza upuuzi."

Alikula. Chai ilikuwa na ramu ndani yake, kama desturi ya nyumba ile. Shangazi akashuka kwenda kuwasha jiko, na Jolana akabaki, na saa zikapita kwa namna ya ajabu, si haraka wala polepole. Kila alipoinua macho mwanga ulikuwa umesogea. Sasa alijua anachokifanya. Lile lililoanza kwa kusahau lilikuwa limekwisha kuwa lake. Kila dakika alikuwa akiamua upya, na kila dakika aliamua vile vile, na kuamua huko kulimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Kanisa la kijijini likapiga kengele za saa kumi na mbili. Simu ikatoa mlio mdogo juu ya jiwe: Tarishi amemaliza. Neno *zuia* lilikuwa bado pale, halijatumwa. Alilifuta herufi moja moja kutoka nyuma, akashuka kula chakula cha jioni.

Jumatatu saa tatu asubuhi ofisi nzima ilikuwa imesimama. Hakuna aliyekaa. Kinyumenyume kilikuwa kimechukuliwa mara elfu kumi na moja kabla hawajamaliza kahawa, na kwenye ubao wa mazungumzo wa Toleo la Wote barua zilikuwa zikiingia moja juu ya nyingine. Wengi walidhani kampuni imetoa zawadi. Mtu mmoja kutoka mji wa Chișinău aliandika: *Nimelitafuta kosa hili tangu Februari. Limepatikana kwa dakika nne. Nimemwamsha mke wangu. Sijui nimshukuru nani.* Wenzake Jolana waliisoma kwa sauti na hawakujua wacheke au walie, kwa maana ile ndiyo iliyokuwa kazi ya kuwalisha mpaka mwaka kesho.

Zbyšek akamwita chumbani kwake, akafunga mlango. Hakukaa. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu ambaye hakulala.

"Nimezungumza na wakili," alisema. "Hakirudi."

"Najua."

"Nimeangalia pia jinsi kilivyofika kule. Ijumaa, saa tano na robo, jina lako. Kwa ajili ya jaribio, siyo?"

"Kwa ajili ya jaribio."

"Kila mtu hufanya upumbavu huo. Hata mimi nimeufanya." Alishusha pumzi. "Halafu tukakuita kula. Mimi mwenyewe nilikuita, mdomo umejaa. Basi, nimefikiri hivi. Ilikuwa siku ya jina lako, ukasahau. Ukaenda kwa shangazi yako huko milimani, ambako simu haishiki, wote tunajua haishiki, umelalamika miaka yote. Kwa hiyo orodha ya Tarishi hukuiona. Ni ajali. Nitawaambia wenzako ni ajali, tutafunga mkanda, tutatafuta kitu kingine cha kuuza. Hukuiona, Jolanka. Siyo?"

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa mbele yake, na ni yeye aliyeufungua, rafiki yake, kwa mikono yote miwili. Angeitikia kwa kichwa tu. Jolana alimpenda wakati ule kuliko wakati wowote, na ndiyo sababu hakuweza. Miaka sita alikuwa ametengeneza kitu kimoja tu duniani, kitu cha kumwonyesha mtu kila hatua iliyopita bila kuruka hata moja. Angeruka hii moja, angeishi nayo vipi.

"Niliiona," alisema.

Zbyšek akaegemea ukingo wa meza.

"Niliiona saa sita mchana, juu ya jiwe la kilimani ambako simu inashika. Nikaandika neno la kuzuia. Nikakaa nalo mpaka saa kumi na mbili, halafu nikalifuta."

"Saa sita nzima."

"Saa sita nzima."

"Hukuweza hata kunipigia." Sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu mnene namna ile. "Ningekufokea. Tungegombana kama kawaida yetu. Labda ungenishinda, nani ajuaye. Mara ngapi umenishinda? Lakini umeniacha nikae nyumbani na wanangu tunacheza karata, na wewe uko juu ya jiwe unanitazama naibiwa."

Hilo lilimwingia Jolana mahali ambapo hakuwa amejikinga. Kwenye jiwe alikuwa amewaza juu ya kila mtu, na Zbyšek alimwaza kama mmoja wa meza arobaini na mbili. Hakumwaza kama mtu wa kupigiwa simu. "Nisamehe kwa hilo," alisema. "Kwa hilo la kutokupigia, nisamehe. Kwa lile lingine siwezi kuomba msamaha, nitakuwa nakudanganya."

Zbyšek akaenda dirishani. Chini tramu ilipita, ikainua majani ya njano, yakashuka tena. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

"Siwezi kukuweka hapa," alisema. "Wale nje wananitazama. Nikikuweka, kesho kila mmoja ataamua mwenyewe uzio upite wapi."

"Najua. Ungeniweka ningekushangaa."

"Usiwe mwema sasa hivi. Unanichosha."

Akachukua kadi ya mlango ya Jolana na kompyuta yake ya kazi. Na leseni yake ya Toleo la Kazi ikazimwa saa tano asubuhi, kama inavyozimwa ya yeyote anayeondoka. Wenzake walimsaidia kufunga vitu vyake kwenye boksi. Wawili walimkumbatia, mmoja hakumtazama, na Jolana aliona kwamba wote watatu wana haki. Kulikuwa na kikombe, sweta, picha ya bahari ambayo hakuwahi kufika. Miaka sita na ushee ikajaa boksi moja na nafasi ikabaki.

Zbyšek alimsindikiza mpaka kwenye ngazi akimbebea boksi, ingawa hakuombwa. Kwenye ngazi ya kwanza akalikabidhi, akasimama, mikono mifukoni, hajui aagane vipi na mtu aliyemwumiza.

"Utakuwa unaandikia nini sasa," akauliza, "maana huna tena leseni?"

"Toleo la Wote," Jolana alisema. "Nasikia wameliboresha."

Zbyšek akacheka kabla hajaweza kujizuia, kicheko kikubwa kilichoshuka ngazi zote mpaka mtaani, kisha akafuta macho kwa kile kiwiko kilicholiwa na nondo.

"Usinichekeshe," akasema. "Bado nina hasira nawe."